Pembe na Umri

Mwaka 2002 jimbo la Pennsylvania, Marekani, lilikataza kuua kulungu dume ambaye hata pembe yake moja haikufikisha ncha tatu. Katika wilaya kadhaa za magharibi, nne. Nia ilikuwa madume wachanga waachwe wakue. Wawindaji wengine walishukuru. Wengine walinung'unika kwamba pembe haziliwi. Manung'uniko hayo yana haki yake, kwa kuwa pembe si hati ya kuzaliwa: chakula na nasaba huzikuza au huzidumaza.

Lakini jambo zito ni jingine. Alfajiri msituni jicho hukosea. Mtu amekwisha ua, akute ncha mbili, wala hapana shahidi ila miti. Sheria yamtaka ajishitaki mwenyewe. Akimwacha mnyama aoze, aliyekusudiwa kuhurumiwa amekufa bure.