Hana Mtu



Katika Injili ya Yohana, sura ya 5, twasoma habari za mtu aliyekuwa hawezi kwa miaka 38, naye amelala penye birika la Bethzatha. Bwana Yesu alimwuliza kama anataka kuwa mzima. Hakujibu ndiyo wala siyo. Alijibu kwamba hana mtu wa kumtia majini. Na mahali pale palijaa watu, matao matano mazima!

Hali hiyo ipo Kariakoo. Tangu alfajiri watu hupigana vikumbo katika Mtaa wa Kongo, na mwenye kiti cha magurudumu husaidiwa kuvuka Msimbazi na mpita njia ambaye hatamwona tena. Ni wema, wala hatuudharau. Lakini haumfai siku mama yake atakapofariki.

Zamani nyumba za hapa zilikuwa za chini, vyumba sita na ua nyuma. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo alikuwa na mama zake wengi wa kupanga. Wa chumba cha pili alijua dalili za kifafa chake. Wa chumba cha uani alijua kwamba hali pilipili. Hakuna aliyewateua. Nyumba nyingi za namna hiyo zimebomolewa, maghorofa yamesimama, na wapangaji wamehamia Mbagala, Chanika na kwingineko. Msaada ule ulibomoka pamoja na kuta, wala hakuna fundi aliyeitwa kuujenga upya.

Kanisa letu lilianza kazi hii mapema: mwaka 1950 Waanglikana walifungua shule ya wasioona huko Buigiri, Dodoma. Hapa mjini, Uhuru Mchanganyiko imewafundisha wasioona pamoja na wanaoona, na shule ya viziwi Buguruni ilianza mwaka 1974. Tangu mwaka 2010 ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Twashukuru kwa yote. Lakini mwanafunzi humaliza shule akarudi nyumbani, na sheria haijui kwamba fulani haogi ila kwa maji ya moto.

Tufungue sasa Marko 2. Mwenye kupooza wa Kapernaumu alichukuliwa na watu wanne. Tuitazame hesabu hiyo (sisi walimu hatuachi hesabu). Mmoja angemwangusha; wawili wangechoka kabla ya kufika darini. Wanne walishika kila mtu pembe yake, wakaitoboa dari, na Bwana aliiona imani yao wachukuzi. Yule aliondoka na godoro lake siku ile ile. Wengi wa kwetu hawataondoka hivyo. Kuwachukua ni kazi ya miaka thelathini, arobaini. Kwa hiyo wanne hao wasiwe wazee watupu, wala ndugu watupu, maana twajua jinsi urithi unavyowatenga ndugu baada ya arobaini ya marehemu.

Wapo kati yetu mama wa miaka themanini wanaowaogesha wana wao wa miaka hamsini, kila mmoja akizishika pembe zote nne peke yake. Akina mama hao, msingoje kitanda cha mauti. Waiteni wanne mngali na nguvu. Mmoja ajue dawa na kliniki. Mmoja atunze vyeti na fedha. Mmoja amlete kanisani. Mmoja, na awe kijana, awe rafiki tu wa kukaa naye kibarazani. Wakutane kila miezi mitatu, wale pamoja, naye mwenyewe awepo aulizwe anataka nini, kama Bwana alivyouliza kwanza. Asiyesema kwa kinywa ana njia yake ya kukubali na kukataa, na mama aifundishe kwa wanne hao angali hai. Mmoja akifariki au akihama, watatu wamtafute mwenzao mpya kabla mwezi haujaisha.

Wazazi walio tayari wabaki kidogo Jumapili baada ya ibada, waonane na kasisi na wazee wa kanisa. Na wasio na mtoto wa namna hiyo, wabaki pia.