Imeharibika au Imeharibiwa?

Kiswahili kina njia mbili za kusema injini imekwisha. Ukisema imeharibika, hakuna mtu ndani ya sentensi. Kuna injini na bahati yake tu. Ukisema imeharibiwa, papo hapo sentensi inaanza kumtafuta mtu. Aliyelelewa kwa lugha hii anaijua hiyo vita tangu akiwa mdogo. Unamwambia mama, "Kikombe kimevunjika," naye bila hata kugeuka anauliza, "Kimevunjika au umekivunja?" Ukikua unagundua kwamba wakubwa pia wamejificha humo humo. Pesa za umma hupotea. Faili hukosekana. Ghorofa huporomoka. Ni nadra sana kusikia kiongozi akisema zimeibwa, limefichwa, limejengwa vibaya.

Mwaka huu nimewasikiliza watu wawili ninaowapenda wakipigania silabi hizo kuhusu Toyota Vitz. Mmoja ni binamu yangu, anayeendesha teksi ya mtandaoni hapa Nairobi. Wa pili ni fundi mmoja mzee, ambaye alikuwa akishughulikia pikapu ya baba kabla mimi sijazaliwa. Waliniita mimi kwa sababu ninaelewana na wote, na pia kwa sababu eti nilisoma falsafa. Kwa familia yetu falsafa ni kama uwakili usio na mshahara.

Mambo yalikuwa hivi. Jumamosi moja binamu alipeleka gari kwa sevisi ya kawaida: kubadilisha oili na filta. Oili na filta alinunua mwenyewe pale Kirinyaga Road, kama tunavyofanya wengi ili kuokoa mia mbili tatu. Fundi alimtoza Sh1,000 za kazi. Binamu akachapa kazi siku tisa bila shida. Siku ya tisa alibeba abiria Kitengela, anakimbilia ndege. Walipofika Mlolongo, taa nyekundu ya oili, ile yenye umbo la birika, ikawaka. Abiria amechelewa, matrela yamejaa pande zote, na programu ya simu inahesabu dakika. Binamu akaendelea. Injini ikaanza kugonga, halafu ikajifunga kabisa kabla ya kona ya uwanja wa ndege. Gari likavutwa hadi gereji nyingine iliyokuwa karibu. Huko wakafungua filta na kumwonyesha ringi mbili za mpira, moja juu ya nyingine. Ya pili, walisema, ni ya filta kuukuu. Ilibaki imegandia injini, na filta mpya ikafungwa juu yake. Injini ya mtumba na kazi ya kuifunga: Sh85,000. Na binamu ana mkopo, logbuku iko kwa mkopeshaji, na kila wiki ambayo gari halitembei, riba inatembea.

Kama hujawahi kuinama chini ya gari, kosa hilo ni rahisi kulielewa. Filta ya oili hukaza kwenye injini kwa ringi moja ya mpira. Ukitoa filta ya zamani, wakati mwingine ringi yake hubaki nyuma, nyeusi juu ya chuma cheusi, huioni. Ndiyo maana fundi makini hupapasa kwa kidole, hufuta kwa kitambaa, halafu huwasha injini na kuchungulia chini kama kuna tone. Ringi mbili zikilaliana hazishiki vizuri. Presha ikipanda, zinaweza kuteleza, na oili yote ikamwagika barabarani kwa muda mfupi sana. Injini ndogo kama ile hubeba lita tatu hivi.

"Imeharibiwa," alisema binamu.

"Imeharibika," alisema fundi. Na hakuwa akibabaisha. Alikuwa na hoja, moja baada ya nyingine, kama spana kwenye trei. Ringi zikilaliana, huvuja mapema, mara nyingi siku hiyo hiyo. Hii ilishika vipi siku tisa? Filta nilinunua mimi? Kama ni feki? Injini yenyewe ilikuja kutoka Japani ikiwa imechoka. Nani anajua ilikuwa inakunywa oili kiasi gani? Na hizo ringi mbili zilionekana na nani? Na mtu anayetaka kukuuzia injini! Kwa nini hawakunipigia simu nije nione filta ikiwa bado mahali pake?

Hoja hiyo ya mwisho ilinisumbua zaidi. Ushahidi wote ulikuwa juu ya meza ya mtu mwenye bidhaa ya kuuza. Ringi ya pili niliishika. Ilikuwa bapa na ngumu, ya kuchomwa na joto la miezi mingi, na hilo halitengenezwi asubuhi moja. Ingawa, tuseme ukweli, gereji yoyote ukifagia sakafu utapata ringi kama hizo kumi.

Mwaka 1863 mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya Byrne dhidi ya Boadle. Mtu alikuwa akipita zake Liverpool, pipa la unga likaanguka kutoka kwenye ghala na kumgonga. Hakuwa na shahidi wa kueleza nani alizembea huko juu. Majaji wakasema, kwa ufupi, kwamba mapipa hayaruki yenyewe. Mwenye ghala ndiye ajieleze. Fikra hiyo ilitufikia pamoja na sheria za mkoloni, na mahakama zetu bado zinaitumia: kuna mambo yanayojisemea yenyewe. Binamu aliipenda sana hadithi ya pipa nilipomsimulia. Lakini pipa lilikuwa mikononi mwa mwenye ghala mpaka lilipoanguka. Vitz ilikuwa mikononi mwa binamu siku tisa, halafu mikononi mwa gereji ya pili. Hapo pipa linanyamaza.

Kuna ghala jingine ninalolikumbuka kila mtu anaposema "ni bahati mbaya tu". Katika kitabu chake cha 1937 kuhusu Wazande, watu wa kule Sudan Kusini na Kongo, Evans-Pritchard anaeleza jinsi ghala la nafaka linavyoweza kuwaangukia watu waliokaa kivulini chini yake. Wazande wanajua fika kwamba mchwa walikula nguzo. Si wajinga. Wanachouliza ni kitu kingine: kwa nini liwaangukie hawa, saa hii? Wao hujibu kwa uchawi. Nilipomsikiliza binamu usiku, simu baada ya simu, nilimsikia akiuliza swali hilo hilo. Alijua kuhusu ringi. Alitaka kujua kwa nini yeye, kwa nini mwezi alioanza kulipa mkopo. Na aliyekuwa karibu kubeba jibu la swali hilo ni fundi. Nadhani lawama nyingi tunazogawa ziko hivyo: nusu ni sababu, nusu ni uchungu unaotafuta pa kukaa. Fundi anaweza kudaiwa nusu ya kwanza. Hiyo ya pili si deni lake.

Sasa ile taa. Hapa ndugu wengine walimgeuka binamu vibaya: mwenye macho haambiwi tazama, taa nyekundu ni nyekundu, ungezima gari! Ni kweli. Kabla ya taa, tatizo lilikuwa kuvuja: kuvutwa, ringi kutolewa, oili mpya, elfu chache basi. Baada ya taa, ilikuwa kifo. Kilomita zile chache ndizo zilizogeuza kuvuja kuwa kufa, na mguu uliokuwa kwenye eksileta ulikuwa wa binamu. Naihesabu. Ila siihesabu sawasawa na kitambaa ambacho fundi hakukipitisha. Fundi alikuwa na wakati, mwanga, na ujuzi. Dakika moja ya kuchungulia ingetosha. Binamu alikuwa na sekunde chache kwenye barabara kuu, abiria mgongoni, na hakuna aliyewahi kumfundisha kwamba birika jekundu maana yake ni zima sasa hivi, si ukifika. Aliyeacha shimo njiani hawezi kusema kazi yangu ilikuwa shimo tu, kuanguka ni shauri lako.

Lakini Sh1,000! Hapo ndipo nilipokwama siku kadhaa. Je, mtu aliyelipwa elfu moja abebe hasara ya elfu themanini na tano? Sheria haiangalii hivyo. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya huduma ya ubora wa kuridhisha, na fidia akipata hasara. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, inasikiliza madai hadi Sh1 milioni, inatakiwa kumaliza ndani ya siku 60, na si lazima uwe na wakili. Binamu alikuwa ameshaisoma yote. Hata hivyo, bei ya elfu moja tuliitengeneza sisi wateja. Tunambana fundi hadi ujira usio na nafasi ya bima wala ya kosa, halafu kosa likitokea tunamtaka awe kampuni. Hiyo haimwondolei lawama ya ringi. Inapunguza tu haki yangu ya kushangaa kwamba hana hizo pesa.

Kilichoniuma kuliko pesa ni neno pole. Siku ya kwanza fundi alipoona gari limevutwa, alisema, "Pole sana, kijana." Jioni binamu akaandika kwenye kundi la familia: AMEKUBALI, AMESEMA POLE! Jamani. Pole humpa mfiwa ambaye hukumuulia mtu. Humpa mama aliyebeba gunia, mwanafunzi aliyefeli, mtu aliyejikwaa mbele yako. Pole si nisamehe. Ni neno la kusimama kando ya mtu bila kuuliza nani alifanya nini. Fundi aliposikia limegeuzwa ushahidi, hakulirudia tena. Wiki mbili nzima alizungumza kama msemaji wa serikali, kila kitenzi kimefungwa kwa -ika. Na binamu, ambaye wakati huo alihitaji pole kuliko kitu chochote, ndiye aliyekuwa ameifukuza.

Wazee wa familia walipendekeza kugawana nusu kwa nusu. Nilikataa. Nusu kwa nusu mara nyingi ni njia ya kutojua kwa heshima. Inawalipa wasikilizaji waliochoka, si aliyeumia. Nilisema nionavyo: naamini ringi ilikuwa ya kweli, kwa hiyo sehemu kubwa ni ya fundi, naamini taa pia, kwa hiyo si yote. Fundi afunge injini mpya bila malipo, na achangie bei ya injini Sh40,000 polepole. Kilichobaki ni cha binamu. Binamu akasema nimependelea. Fundi akasema nimependelea.

Wote wawili walikubali, lakini fundi kwa sharti moja: hataandika popote kwamba alikosea. Binamu alitaka hayo maandishi kuliko elfu kumi za kwanza. Tulikaa hapo saa nzima. Mwishowe karatasi ikaandikwa kiasi na tarehe tu, bila sababu.

Gari linatembea tangu Agosti. Siku hizi binamu hupeleka sevisi kwingine na husimama juu ya fundi mpaka aione filta kuukuu na ringi yake kwa macho. Mzee wetu amelipa Sh15,000 mpaka sasa. Kila anapolipa, M-Pesa huingia kwangu, si kwa binamu, nami humtumia mwenyewe siku hiyo hiyo.