Ng'ombe Aliyeuzwa

Wazazi wengi huuza ng'ombe ili mtoto wao asome chuoni, kisha humwambia, "Sharti uwe daktari." Je, ng'ombe yule amenunua na moyo wa kijana? Sisi twaona sivyo. Deni la shukrani lipo, wala hatulikani. Lakini atakayeamka kila asubuhi kwenda kazini ni yeye. Basi wakati wa likizo na aende zahanati, au karakana, au shambani, aishike kazi kwa mikono yake, awaulize wenyeji taabu zake. Wala kazi ya kwanza si kifungo. Julius Nyerere alisomea ualimu Makerere, akafundisha Tabora na Pugu. Mwaka 1955 aliacha kufundisha kwa ajili ya siasa, nao watu wakamwita Mwalimu hata alipofariki mwaka 1999.