Mistari 40 Ambayo Warhol Hakuichora

Mwaka 1985 kampuni ya Commodore ilizindua kompyuta yake ya Amiga jijini New York, na Andy Warhol akaitumia kumchora mwimbaji Debbie Harry mbele ya umati. Michoro mingine aliyoifanya kwa Amiga ilibaki ndani ya diski hadi klabu ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon ilipoitoa, baada ya msanii Cory Arcangel kuanza kuitafuta. Baadhi ya faili zilikuwa na muundo usiofahamika, ikabidi wauchambue wenyewe ili picha zifunguke.

Sasa, picha iliyofunguka ni ile ile?

Watu wa kompyuta hujibu haraka: ni ile ile, mradi namba hazikubadilika. Ukiihamishia kwenye PNG, kila nukta inabaki na rangi yake, tofauti na JPEG ambayo hutupa sehemu ya picha ili faili iwe nyepesi. Jibu zuri, ila lina tobo. Nukta za Amiga hazikuwa mraba. Picha yenye nukta 320 kwa upana na 200 kwa kimo ilijaza kioo cha uwiano wa 4 kwa 3, hivyo kila nukta ilirefuka kidogo. Skrini zetu zina nukta za mraba. Hamisha namba kama zilivyo, uso unabonyea kama mtu kaikalia picha. Ukitaka uso alioukusudia Warhol, lazima ufikishe mistari 240, yaani utunge mistari 40 ambayo hakuichora.

Mimi nasimama na jicho. Warhol alichora akitazama kioo, hakuwa akihesabu namba.

Hata hivyo, sisi wasomaji wa Kiswahili tunaujua mtego huu. Hati nyingi za tenzi za kale, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, hutumia alama moja kwa i na e, na nyingine moja kwa u na o. Anayezihamishia kwenye herufi za Kilatini hana pa kukwepea, ni lazima achague. Simlaumu kwa hilo. Namlaumu anayechagua kimyakimya, halafu anatukabidhi kitabu kana kwamba mshairi mwenyewe ndiye aliyekipiga chapa.

Mwaka 2021 Christie's waliuza michoro mitano ya Amiga ya Warhol kama NFT, kwa zaidi ya dola milioni 3. Faili zilizouzwa zilikuwa za nukta 4,500 kwa 6,000. Hebu piga hesabu: milioni 27, wakati skrini nzima ya Amiga ilikuwa na 64,000! Msanii Golan Levin alilalamika kwamba hizo si faili asilia. Ukubwa haunisumbui, maana hata bango hukuzwa. Ila mtu akilipia mkono wa Warhol, ana haki ya kujua mkono wa pili ulipita wapi.

Na kukataa kubadilisha chochote nako si usafi wa moyo. Sumaku ya diski hufifia. Ukiilinda kwa kutoigusa, mwishowe unabaki na plastiki. Wale vijana wa Pittsburgh walitumia kifaa kiitwacho KryoFlux, kinachonakili mabadiliko ya sumaku yenyewe, kabla mtu yeyote hajaamua yanamaanisha nini. Kuchagua kulifuata baadaye.