Shaka Yenye Haki

Msomaji, liko swali ambalo huwakuta watu kila siku dukani, sokoni na shambani, nalo si jepesi kama linavyoonekana. Je, mtu ana haki ya kukitilia shaka kitu ambacho hajakijaribu? Wako wasemao kwamba hana, maana asiyeonja mchuzi hawezi kuusema chumvi yake. Wako wasemao kwamba anayo, maana mwenye fedha halazimiki kuzipoteza kwanza ndipo apate ruhusa ya kusema. Kila upande una sehemu ya kweli. Kwa hiyo hatuwezi kuupa mmoja ushindi mpaka tuwe na mfano mbele ya macho yetu.

Mfano nitakaoutumia ni uma wa baiskeli. Baiskeli uijuayo, ile nyeusi ibebayo magunia ya mahindi, mitungi ya maziwa na abiria, ina uma wa mbele wenye miguu miwili unaolishika gurudumu katikati. Uma huo ni chuma kitupu. Hauna springi wala kiungo. Gurudumu likipita juu ya jiwe, mikono yako hupata habari za jiwe lile mara moja.

Wako watu wapandao na kuteremka milima kwa baiskeli kwa ajili ya mchezo, na habari za namna hiyo ziliwachosha. Walitengenezewa uma wa mabomba, yaani bomba jembamba litelezalo ndani ya bomba pana, na ndani yake mna springi au hewa, pamoja na mafuta ya kutuliza mrudi wake. Mwaka 1990, katika mashindano rasmi ya kwanza ya dunia ya baiskeli za milimani, yaliyofanyika mjini Durango, Marekani, Greg Herbold alishinda mbio za kuteremka akiwa na uma wa namna hiyo uliotengenezwa na RockShox. Baada ya hapo uma wa mabomba ulienea kila mahali palipo na mchezo huo.

Walakini uma wa mabomba una kasoro. Ufungapo breki ya mbele katika mteremko, uzito wako husogea mbele, na uma hudidimia. Ukididimia, pembe ya usukani husimama zaidi, na baiskeli hupungukiwa utulivu saa ile ile unapouhitaji kuliko saa zote. Tena nguvu ya breki huyapinda mabomba kidogo, yakasuguana, yakakataa kuteleza upesi. Kasoro hii haikubuniwa na wauzaji. Yeyote aliyepanda baiskeli ya namna hiyo aweza kuishuhudia.

Mwaka 2018 kampuni ya Marekani iitwayo Trust Performance, ya jimbo la Utah, ilitoa dawa ya kasoro hiyo. Ilikuwa uma ulioitwa The Message, na mhandisi wake alikuwa Dave Weagle, mtu aliyekwisha kupata sifa kwa mitambo ya springi za gurudumu la nyuma. Uma huo haukuwa na mabomba ya kutelezea gurudumu. Miguu yake ilikuwa ya nyuzinyuzi za kaboni, na chini yake palikuwa na mikono mifupi iliyoungwa kwa bawaba na beringi. Mlango hufuata njia ambayo bawaba zake zimeuwekea. Vivyo hivyo gurudumu lile lilipanda na kushuka kwa njia aliyoichagua mhandisi, wala si kwa njia iliyolazimishwa na bomba. Ahadi yake ilikuwa kwamba breki ikifungwa baiskeli haitainamisha kichwa ovyo. Bei yake ilikuwa dola 2,700. Kwa fedha hizo mtu aliweza kununua baiskeli nzima ya milimani, tena nzuri, uma wake ukiwamo.

Hapo ndipo shaka ilipoinuka, na ilikuja kwa sauti tatu. Natutazame kila sauti, tuone ipi ina haki na ipi haina.

Sauti ya kwanza ilisema, "Bei hii ni ya wizi, basi na kitu chenyewe ni cha uongo." Shaka hii haina haki. Bei hueleza kiasi ambacho muuzaji anakitaka. Haielezi kama kitu kinafanya kazi au hakifanyi. Wajinga wawili hukutana hapa bila ya kujuana. Mmoja husema, "Ni ghali, kwa hiyo ni kizuri." Wa pili husema, "Ni ghali, kwa hiyo ni udanganyifu." Wote wawili wamesoma kibandiko cha bei, wakauacha uma pasipo kuutazama. Wahenga walitwambia tusione vyaelea, vimeundwa. Kitu kipya kitengenezwacho kwa idadi ndogo hubeba gharama ya miaka ya kujaribu na kukosea, na gharama hiyo si lazima iwe wizi. Lakini nayo haithibitishi lolote kwa mnunuzi. Jasho la mtengenezaji latustahilia heshima, wala halitulazimishi kununua.

Sauti ya pili ilisema, "Jambo hili ni la kale, lilikwisha kushindwa." Shaka hii ina nusu ya haki. Ni kweli kwamba pikipiki za zamani zilikuwa na uma wa mikono na bawaba, na kwamba mwaka 1935 BMW ya Ujerumani ilipoanza kuuza pikipiki zenye uma wa mabomba na mafuta, dunia ilianza kuufuata mfano huo. Ni kweli pia kwamba katika miaka ya 1990 baiskeli za milimani zilijaribiwa uma wa bawaba, kama ule wa AMP, na mabomba yakaushinda. Lakini kampuni ile ile ya BMW ilirudia mikono na bawaba katika pikipiki ya mwaka 1993, na tena katika nyingine ya mwaka 2004. Aliyeshindwa jana aweza kuwa alishindwa kwa sababu ya beringi dhaifu, au chuma kizito, au kukosa fedha, na sababu hizo huondoka. Historia yatupa haki ya kuuliza, "Safari hii kimebadilika nini?" Haitupi haki ya kufunga mlango kabla jibu halijatolewa.

Sauti ya tatu ilisema, "Bawaba hizi ni nyingi, zikilegea, nani atazitengeneza?" Msomaji, shaka hii ina haki kamili, nami naiheshimu kuliko zile mbili. Haikumtukana mhandisi, wala haikusema kuwa breki haitakuwa tulivu. Yawezekana utulivu ule ni wa kweli, na wako waliojaribu uma huo wakausifu kwa jambo hilo hilo, ingawa wengine walilalamika kwamba vijiwe vidogo vilihisika mikononi. Sauti ya tatu iliuliza juu ya kesho. Kila beringi huchakaa. Kitu kilichotengenezwa na mtu mmoja tu humfunga mnunuzi kwa uhai wa mtu yule mmoja.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Kampuni ilipunguza bei mwaka 2019 hata ikawa chini ya dola 2,000, na mwaka 2020 ikaacha kazi. Waliocheka wakacheka tena, wakisema kwamba shaka yao imethibitika. Haikuthibitika. Kufungwa kwa duka si hukumu juu ya bidhaa. Vitu vyema vingi vimekufa kwa kukosa wanunuzi, na vibovu vingi vinaishi kwa wingi wao. Methali isemayo kwamba kizuri chajiuza ni faraja ya wenye vizuri, si sheria ya soko. Aliyetia shaka kwa bei hakujua zaidi mwaka 2020 kuliko alivyojua mwaka 2018. Lakini aliyeuliza nani atatengeneza bawaba alijibiwa na dunia yenyewe, na jibu hilo lilimwangukia mnunuzi, ambaye alibaki na kitu cha thamani bila ya mwenye kukitunza.

Kutokana na mfano huu twaweza kuona masharti ya shaka yenye haki. Sharti la kwanza ni kulielewa dai kabla ya kulikana. Asiyejua kwa nini uma wa mabomba hudidimia hana la kusema juu ya uma wa bawaba. Maneno yake ni kelele za mapitoni. Sharti la pili ni kutaja ushahidi utakaokuridhisha. Mwenye shaka ya kweli husema, "Nionyeshwe baiskeli mbili zikifunga breki katika mteremko mmoja, nami nitakubali nikionacho." Shaka isiyotaja ushahidi wowote wa kuiondoa ni ukaidi uliovaa kanzu ya hekima. Sharti la tatu ni kuupima uma na si mtu. Mwenye kuvumbua aweza kukosea pasipo kuwa mwongo, na mwenye kununua aweza kupotea pasipo kuwa mpumbavu.

Liko na sharti la nne, ambalo twalisahau kwa urahisi: kujiuliza kitu hiki ni kizuri kwa nani. Mchukuzi wa abiria kwa baiskeli katika mji wa Busia, ambako neno bodaboda lilizaliwa, hahitaji mtu amwambie kwamba uma wake wa chuma umepitwa na wakati. Ukipinda, fundi wa kando ya njia huunyosha. Ukikatika, huuchomelea, na abiria wa jioni hukuta baiskeli iko tayari. Uma wa Utah ungemshinda kwa bei na kumwacha barabarani kwa kukosa beringi. Hata hivyo, hilo halimfanyi mhandisi wa Utah kuwa mdanganyifu. Alijibu swali la mtu mwingine, katika mlima mwingine. Watu wengi hugombana juu ya ubora wa vitu kumbe wangepaswa kuulizana kwanza juu ya haja zao.

Wewe, msomaji, bado u kijana, na maisha yako yote utaletewa vitu vipya kwa sifa kubwa: mbegu, dawa, mashine, hata fikira. Ukivikubali vyote utafilisika, na fedha utakazozipoteza huenda zikawa karo ya ndugu yako. Ukivikataa vyote utabaki ulipo, na mvumbuzi mwaminifu atakuwa amejitaabisha bure mbele yako. Basi uliza kitu kinadai nini, nani amekijaribu, kinamfaa nani, na siku kitakapovunjika nani atakitengeneza. Muuzaji akikasirishwa na maswali hayo, fedha zako na zikae mfukoni. Akiyajibu kwa uwazi, mpe sikio lako mpaka amalize, hata kama huna nia ya kununua.