Sifa ya Ufundi

Ewe msomaji, huku Keumbu televisheni hutuonyesha mafundi wakiunda upya vyombo vya anga vya vita, nasi hustaajabu. Ustadi wastahili sifa, sikatai. Mwezi wa Novemba 1917 merikebu ya angani L59 ilitoka Jamboli, Bulgaria, na tani 15 za shehena kwa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki. Ilikusudiwa kufumuliwa ifikapo, kitambaa chake kishonwe mahema. Iliitwa irudi ikiwa juu ya Sudan. Ilikaa angani saa 95. Lakini vita hivyo, vilivyofika Kisii Septemba 1914, vilibebwa na wapagazi, na maelfu kwa maelfu yao walikufa kwa maradhi na njaa. Chombo huundwa upya kwa vyuma na nguo. Bega la mpagazi je, nani ataliunda, tupate kulitazama jioni moja?