Namba ya Kweli na Kipimo cha Haki

Inchi zinazoandikwa kwenye boksi la simu janja ni urefu wa ulalo, yaani mstari unaotoka kona moja ya kioo hadi kona iliyo mkabala nayo, na mstari huo peke yake hauelezi ukubwa wa eneo linalotazamwa. Kioo cha ulalo wa inchi 6 chenye uwiano wa 16 kwa 9 kina takriban sentimita 99 za mraba, ilhali kingine cha ulalo huohuo, kilichorefushwa na kubanwa hadi 20 kwa 9 kama vilivyo vingi vya siku hizi, hakifiki 87. Namba ni moja, na ni ya kweli kotekote. Linalobaki kuulizwa ni iwapo kusema kweli kwatosha kumwondolea muuzaji lawama ya kupunja.

Ulalo haukubuniwa kwa hila. Ulirithiwa kutoka kwenye televisheni, na maadamu vioo vilikuwa vya umbo moja, ulitosha kutenganisha kikubwa na kidogo. Umbo lilibadilika, kipimo kikabaki. Apple, ilipotoa iPhone X mwaka 2017, ilieleza katika tanbihi kwamba ulalo uliotangazwa kuwa inchi 5.8 ulipimwa kana kwamba kioo ni mstatili kamili, na kwamba, kwa kuwa kona zake zina mviringo, eneo linaloonekana ni pungufu.

Fikihi ya Kiislamu ina dhana ya tadlisi, yaani kuficha kasoro ya bidhaa ili mnunuzi aidhanie bora kuliko ilivyo. Hadithi mashuhuri iliyomo katika Sahihi Muslim husimulia jinsi Mtume (S.A.W.) alivyotia mkono ndani ya lundo la chakula sokoni, akakuta unyevu; mwenye mali alipojitetea kwamba ni mvua, aliulizwa mbona hakuuweka juu watu wauone. Unyevu ule haukuwa umekanushwa: ulikuwa mlemle lunduni, kwa yeyote ambaye angechimbua. Kosa lilikuwa la mahali, na kwa kigezo hicho maandishi madogo chini ya tangazo hayamsafishi mtangazaji, bali yanathibitisha kwamba alijua.

Yaweza kujibiwa kwamba simu si nafaka, na kwamba mnunuzi huishika na kuigeuzageuza kabla ya kulipa. Hoja hiyo ina uzito dukani. Lakini anayeagiza mtandaoni hununua namba tu, na sentimita za mraba, ambazo kiwanda huzijua kabla ya kukata kioo cha kwanza, zingeweza kuandikwa kando ya inchi pasipo gharama ya maana.